Nilivyowafundisha Watoto Kunyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini niliumwa na mtoto wa miaka mitatu. Aliniuma hapa kwenye kifundo cha mkono, na alama mbili bado zipo, ukitaka kuziona njoo Riruta nitakuonyesha. Watu wengine huanza kazi kwa kupewa barua na kiti. Mimi nilianza kwa meno.

Sikuwa nimeenda kutunza watoto. Nilikuwa fundi wa mbao, tena si fundi wa kubahatisha. Milango mingi ya Kisumu Ndogo, kule Kibera, niliipachika mimi. Shule niliachia darasa la tano, lakini nionyeshe shimo la mlango nami nitakukatia mbao bila kuchukua kipimo. Mama mmoja mwenye deikea, yaani nyumba ya kuachia watoto wadogo wazazi wakienda kazini, aliniita nimrekebishie mlango uliokuwa unaning'inia. Jina lake sitalitaja. Sisi wote tulimwita Mama Kituo. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa ziwa, amevaa aproni yenye mifuko minne, na kila mfuko ulikuwa na kitambaa cha kupangusia makamasi.

Siku hiyo kulikuwa na fujo barabarani. Moshi wa kutoa machozi ulikuwa umeingia mpaka vichochoroni. Wauza dagaa wa omena walikuwa wamefunika beseni zao na kukimbia. Ndani, watoto kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye mkeka mmoja wakiangalia ukuta. Mimi nikatoa nyundo nikaanza kazi. Sikufika msumari wa tatu. Mtoto mmoja aliruka kutoka mkekani, akanishika mkono, akauma na hakuachia. Nikainua mkono wa pili. Mama Kituo alikuwa ameshaushika kabla haujashuka.

"Ukimpiga hapa, kusanya vyuma vyako uende," akaniambia.

"Mama, hii mtoto inanikula."

"Naona. Alikuwa anafanya nini kabla hajakuuma?"

Nikamwambia hakuwa anafanya kitu, alikuwa amekaa tu. Akaniuliza mimi nilikuwa nafanya nini. Nikasema napiga misumari. Aliniangalia mpaka nikaelewa mwenyewe. Nje bunduki zilikuwa zinalia tangu asubuhi, na mimi nimeingia ndani nikaanza kupiga pa, pa, pa, karibu na kichwa cha mtoto.

"Shuka chini," Mama Kituo akasema. "Shuka mpaka macho yako yafikie yake. Usimguse. Mwambie ile kelele ilikuwa ya nyundo."

Nikachuchumaa na damu ikinitoka. Mtoto alikuwa anatetemeka mpaka meno yalikuwa yanagongana juu ya ngozi yangu. Nikamwonyesha nyundo. Nikamwambia hii ndiyo ilipiga kelele, na haitapiga tena leo. Ilichukua muda mrefu kuliko kupachika mlango mzima, lakini aliachia. Akaishika nyundo, akaigeuza, akainusa. Kesho yake nikarudi kumalizia mlango, na sikutoka tena kwa miaka saba.

Nataka vijana mnaofanya kazi hii sasa, wenye vyeti na vyumba vyenye picha ukutani, mjue tulivyoifanya. Mwanaume kwenye kazi ya watoto wadogo alikuwa mtu wa kuogopwa. Wazazi waliniangalia kama wanavyomwangalia mtu aliyesimama karibu na kamba ya nguo zao. Mama Kituo akanipa sheria ya mlango wazi. Sikai na mtoto mahali ambapo mtu mzima mwingine hanioni. Nguo simbadilishi, kazi hiyo ni ya akina mama. Mlango niliopachika mwenyewe ulikaa wazi mchana kutwa, hata mvua ikinyesha. Wengine wangeona ni matusi. Mimi niliishika sheria hiyo vizuri kiasi kwamba mwaka wa pili wazazi walikuwa wakifika asubuhi wanauliza, "Anko ako?" Nisipokuwepo, mtoto analia.

Kulikuwa na kamba ya mafundo. Ni kamba ndefu ya katani yenye mafundo, kila mtoto na fundo lake na kitambaa cha rangi yake. Tukitoka nje, iwe ni matembezi, moto au maji ya mvua yameingia, kila mtoto anashika fundo lake. Mtu mzima akiwa na hofu hawezi kuhesabu vichwa vinavyosogea. Anahesabu mafundo.

Na kulikuwa na daftari la meno. Mtoto akiuma, akipiga, akijichafua wakati alikuwa ameshaacha kujichafua, unaandika. Lakini huandiki kosa. Unaandika kilichotangulia. Mimi si mtu wa kuandika sana, kwa hiyo nilichora. Nyundo, pikipiki, baba amekuja amelewa, hakuna uji. Baada ya wiki mbili unafungua daftari na unaona mwenyewe kwamba mtoto unayemwita mkorofi huuma saa ile ile, sababu ile ile. Mama Kituo alikuwa akisema mtoto wa miaka mitatu hana maneno ya kusema naogopa, kwa hiyo anasema kwa meno, kwa mikono, kwa mkojo. Kazi yetu ni kumkopesha maneno. Unashuka chini, unamtajia: umeogopa, ile ilikuwa pikipiki, mimi niko hapa. Halafu unakaa naye kwenye kona ya utulivu. Hiyo ni kona yenye pazia na mito, na si jela. Mtu mzima anaingia na mtoto na wanatoka pamoja.

Nilijifunza upesi kuliko wote aliowahi kuwafundisha. Hayo alisema mwenyewe. Mwaka mmoja wa uchaguzi watoto walipoanza kugonga vichwa ukutani, ni mimi waliyenitafuta. Nilikaa chini kwenye mkeka, watoto wakanipanda kama kuku wanavyopanda kitanda, na mmoja baada ya mwingine wakatulia. Nikaona nimeiva. Nikamwambia Mama Kituo naenda Kawangware kufungua changu.

"Utafanya vizuri," akasema. "Una mikono mizuri. Shida yako ni moja tu. Unapenda watu waone umetulia."

Nikadhani ananisifu.

Kawangware nilikodi vyumba viwili kwa mzee mmoja tuliyemwita Mzee wa Ploti. Alizaliwa hapo hapo, na mahindi ya mamake yalikuwa yamesimama palipo na choo chetu. Nilianza na mkeka mmoja na sufuria. Mwaka wa tatu nilikuwa na watoto kumi na wanane, magodoro tisa, na msaidizi, Bi Rose, mwanamke mpole mwenye macho makali. Meza nilitengeneza mwenyewe, viti nilitengeneza mwenyewe, hata vijiko vya mbao. Nani mwingine wa darasa la tano unamjua amefika hapo?

Halafu alama zikaja.

Walipita wapima barabara, na nyuma yao kijana mwenye kopo la rangi nyekundu. Kila ukuta uliosimama kwenye njia ya barabara ulipigwa X. Safu yetu yote ilipigwa. Mzee wa Ploti alisimama mbele ya ukuta wake amevua kofia na hakusema kitu, nami nikajua kwamba kama yeye amenyamaza, basi mimi mpangaji nimekwisha. Tulipewa siku za kuhama. Nikapata chumba Riruta, lakini kilikuwa hakijaezekwa. Kila jioni nilikuwa naenda kuezeka, na kila asubuhi narudi nikiwa sijalala vizuri, nawaambia wazazi hakuna shida, Anko ana mpango. Usiku nilihesabu siku zilizobaki na mabati yaliyobaki, na hesabu haikukubali.

Watoto walijua. Hakuna aliyewaambia, lakini walijua. Mmoja aliyekuwa ameacha nepi akaanza tena kujichafua. Wawili walikuwa wanapigana tangu wanaingia. Mmoja alichukua makaa jikoni akawachora wenzake X kwenye mashati. Na Nafula akaanza kuuma.

Nafula alikuwa na miaka minne. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili. Mamake alikuwa anafulia watu nguo kwenye magorofa, na walikuwa wamehamia Kawangware baada ya nyumba yao ya Kibera kuungua. Daftari la meno lilinionyesha yote. Kila Nafula alipouma, nilikuwa nimechora bati. Majirani walikuwa wanang'oa mabati yao wenyewe kabla wabomoaji hawajafika, wakauze au wakajengee kwingine, na bati likivutwa kwenye misumari linalia mlio wa kukata roho. Usiku ule wa moto, mamake aliniambia, watu walivunja mabati ya nyumba yao ili kuwatoa. Niliyajua yote hayo. Yalikuwa kwenye daftari, kwa mkono wangu.

Lakini kushuka chini kwa watoto kumi na wanane, kila bati likilia, kunataka mtu asiye na hofu yake. Siku moja walianza kulia wote pamoja. Majirani wakachungulia. Mzazi mmoja alikuwa mlangoni, na nikaona anavyoniangalia. Nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Mnajua tinga linasikia? Linafuata sauti ya mtoto anayelia. Mtoto akinyamaza, linapita."

Tinga ni lile trekta kubwa la kubomoa. Walikuwa wameliona upande wa chini likila nyumba za watu.

Walinyamaza. Sijawahi kuona kitu kikifanya kazi haraka namna ile. Tangu siku hiyo bati likilia, nilikuwa nainua kidole tu, na watoto kumi na wanane wanafunika midomo yao kwa mikono. Hakuna kuuma, hakuna kupigana. Wazazi wakanisifu. Mama mmoja akaniambia, "Anko, wewe uko na dawa." Nami niliitembeza sifa hiyo Kawangware yote. Mbele ya kinyozi, kwa muuza chapati, popote penye masikio. Bi Rose peke yake ndiye hakucheka. Alisema watoto hawaombi tena kwenda haja. Nikamwambia afurahi, kazi imepungua.

Afisa wa watoto wa eneo alikuja kukagua. Tulimwita Madam Afisa, mwanamke kijana mwenye viatu vya kutembelea tope. Nilimwonyesha vitanda, maji ya kunawa, sheria ya mlango wazi. Alikaa kwenye mkeka na watoto kwa muda, halafu akaangusha sufuria sakafuni kwa makusudi. Hakuna mtoto aliyelia. Mikono kumi na minane ikaenda midomoni. Madam Afisa akaniangalia.

"Wanafanya hivi kila mara?"

"Kila mara," nikasema kwa fahari. "Nimewafundisha."

"Anko, hawa hawajatulia. Wameogopa."

Nikamjibu kwamba aje siku moja ashinde nao peke yake, ndipo anifundishe. Akasema nikiwatoa woga huo kabla ya kuhama itakuwa rahisi kuliko baada ya kuhama. Nikaitikia ndiyo Madam, na alipopinda kona nikamwiga anavyotembea mpaka kinyozi akaangusha mashine.

Tuliambiwa wabomoaji watakuja Jumamosi. Walikuja Alhamisi, saa ya uji.

Asubuhi hiyo jirani alikuwa anang'oa bati lake la mwisho. Mlio ulikuja mrefu, na Nafula akamuuma mtoto aliyekaa karibu naye begani. Hakupiga kelele, wala yule aliyeumwa hakupiga kelele. Machozi tu. Nikamwambia Nafula aende kona ya utulivu. Nilipaswa kwenda naye. Hiyo ndiyo maana ya ile kona. Lakini nilikuwa na simu sikioni, nauliza misumari ya Riruta imefika au haijafika. Nikamwelekeza kwa kidole na akaenda, akavuta pazia nyuma yake.

Halafu watu wakaanza kukimbia nje. Mtu alipita mlangoni akisema limefika, limefika, toeni watoto. Ardhi ilikuwa inatetemeka. Vumbi lilianza kudondoka kutoka kwenye dari juu ya uji. Nikachukua kamba. Hapo najisifu tena, kwa sababu tulikuwa tumefanya mazoezi. Watoto walishika mafundo yao kimya kama watu wazima kanisani. Bi Rose mbele, mimi nyuma, tukapita kwenye vumbi mpaka uwanja mdogo wenye tangi la maji. Hakuna aliyelia. Mwanamke mmoja aliyebeba televisheni alisimama akasema, "Ona watoto wa Anko walivyo na nidhamu."

Nikahesabu mafundo. Kumi na saba yalikuwa na mikono. Lenye kitambaa cha manjano lilikuwa tupu.

Nitawaambia ukweli ambao sikumwambia mtu kwa mwaka mzima. Sikumsahau kwa sababu ya vumbi, wala kwa sababu ya simu. Nilimsahau kwa sababu alikuwa kimya. Mtoto anayelia hasahauliki. Nilikuwa nimemfanya awe mtoto wa kusahaulika.

Nilikimbia. Tinga lilikuwa limeshamaliza nyumba ya kwanza kwenye safu yetu na lilikuwa kwenye ya pili. Yetu ilikuwa ya nne. Askari alinishika shati, na nikaliacha shati mkononi mwake. Nikasimama mbele ya lile jino la chuma nikipunga mikono, na nikaona dereva ananiangalia kama anavyoangalia wote waliopunga mikono siku ile. Kila mtu alikuwa na kitu ndani. Nilimwonyesha kwa mkono urefu wa mtoto. Akazima injini.

Nikasema kuna mtoto, nyumba ya nne. Akainua mkono watu wanyamaze, na kweli safu yote ikanyamaza. Akatoa kichwa dirishani akasikiliza. Nami nikasikiliza. Nilisikia maji yakivuja kwenye bomba lililokatwa.

"Mzee," dereva akasema, bila ubaya, "mimi niko na watoto. Mtoto akiwa ndani analia. Hakuna mtu hapo."

"Yuko."

"Basi mwite."

Nikamwita. Mbele ya watu wote, kwa sauti yangu inayosikika mpaka Riruta, nikaita Nafula. Kimya. Nikaita tena. Mtu nyuma akasema labda ametoka na majirani. Mwingine akasema amemwona kule juu na dada mmoja. Askari akaanza kunivuta. Nami nilijua, kwa hakika ambayo sijawahi kuwa nayo juu ya kitu kingine, kwamba yuko nyuma ya lile pazia, mkono mdomoni, na kwamba kila nikimwita anajibana zaidi. Tinga liko nje. Anko alisema linafuata sauti.

Nikaponyoka nikaingia. Chumba kilikuwa kimejaa vumbi, ukuta mmoja umepasuka. Nikavuta pazia. Mito ilikuwepo, yeye hayupo. Nikatazama chini ya meza, kwenye pipa, nyuma ya mlango. Magodoro yalikuwa yamerundikwa juu ya mengine upande wa pili, kipande cha dari kimeyaangukia, na sikuona pa kuanzia. Nikasema kwa sauti ya chini, Nafula, ni Anko, toka. Nikasema tinga halisikii, nilidanganya. Nikasema mara nyingi. Lakini kwa nini aniamini? Nilikuwa nasema kwa kunong'ona, kama mtu anayejificha.

Nje injini ikawaka tena. Sijui kama ni dereva alichoka au aliamriwa. Sakafu ikaanza kutetemeka na vikombe vya uji vikawa vinatembea vyenyewe mezani.

Hapo ndipo nilipolia. Msifikiri ulikuwa ujuzi wa kazi. Sikuwa nimebaki na ujuzi wowote. Nilipiga magoti katikati ya chumba nikalia kwa kelele, mdomo wazi, kama mtoto aliyeachwa sokoni. Mimi, mtu aliyejulikana Kawangware kwa kutulia. Nilisikia sauti yangu ikitoka nje ya ile nyumba na sikuweza kuifunga.

Godoro likasogea.

Alitoka katikati ya magodoro mawili kama barua inavyotolewa kwenye bahasha, nywele nyeupe kwa vumbi. Hakulia. Alikuja mbio, akasimama mbele yangu. Kwa kuwa nilikuwa nimepiga magoti, macho yake yalifikia yangu. Akaweka kiganja chake mdomoni kwangu, akabana kwa nguvu zake zote.

"Anko, nyamaza," akanong'ona. "Litakusikia."

Alikuwa amekuja kuniokoa.

Nilimbeba nikatoka. Dereva alipotuona alizima injini, akashuka, akakaa kwenye tairi la mtu na kuinamisha kichwa. Nafula hakuondoa mkono wake mdomoni mwangu mpaka tulipofika kwenye tangi, akashika fundo lake la manjano.

Mamake alikuja saa sita, mikono bado ina sabuni. Alikuwa ameshasikia. Watu walimwambia jinsi Anko alivyosimama mbele ya tinga, na wengine walishaanza kuniita shujaa. Ningeweza kuuacha uvumi huo uendelee, mnanijua. Lakini aliniuliza swali moja. Kwa nini mtoto wake hakuitika? Nikamwambia nilichowafundisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamchukua mtoto na kuondoka, na jinsi alivyoniangalia bado huniamsha.

Mama Kituo alikuja kutoka Kibera kuniona Riruta, kwenye chumba changu chenye paa nusu. Nilimweleza yaliyotokea. Nilingoja anigombeze. Badala yake akauliza kile kile alichouliza siku ya kwanza.

"Ulikuwa unafanya nini kabla? Kabla ya kuwaambia habari ya tinga."

Nikaanza kusema watoto walikuwa wanalia, mzazi alikuwa mlangoni. Akatikisa kichwa.

"Siulizi wao. Nakuuliza wewe."

Nikasema, "Nilikuwa naogopa."

"Sasa hiyo," akasema, "ndiyo ungechora kwenye daftari."

Mama Nafula alimrudisha mtoto baada ya wiki mbili. Alisema hakuwa na pa kumwacha, na pia mtoto alikuwa anamsimulia kila siku jinsi Anko alivyolia na tinga halikumfanya kitu. Hapo ndipo nilipopata pa kuanzia. Kila asubuhi baada ya uji tukawa na saa ya kelele. Tunasimama nje, mimi nalia wa kwanza, mbaya sana, halafu Bi Rose, halafu mwenye kutaka. Mtoto akiweka mkono mdomoni, simtoi mkono. Nashuka chini namwambia, uko na woga, hata mimi niko nao, sikiliza nikilia uone kama kuna kitu kitakuja. Wengi walichukua mwezi. Nafula alipiga kelele yake ya kwanza baada ya misimu miwili ya mvua kupita, na siku hiyo aliuma mtu pia, nami nikachora kwenye daftari nikicheka kwa shukrani.

Sasa nimestaafu. Magoti yamekataa kushuka, na mtu asiyeweza kushuka chini hana kazi kwenye kazi yetu. Kituo anaendesha Bi Rose, na najua anakiendesha vizuri kuliko mimi, ingawa hilo mtalisikia kwangu mara moja tu. Nakaa ng'ambo ya barabara natengeneza viti vidogo. Majirani wakilalamika kwamba watoto wana kelele, nawapa kiti wakae nami wasikilize. Kelele hazinishtui roho. Ninachoogopa ni zile dakika za mchana ambapo hakuna sauti inayotoka kule. Hapo naweka randa chini, navuka barabara, nahesabu.

Nafula yuko darasa la tatu. Akitoka shule hupitia kwangu kunisimulia, na anasimulia kwa sauti ile nzito mpaka wateja wanageuka. Wiki iliyopita alikuwa ananieleza habari ya mwalimu wao wa hesabu, na lori la kokoto likapita, ardhi ikatetemeka kidogo. Alikatiza katikati ya neno. Mkono ukaenda mdomoni.

Nilishuka chini, magoti yakilalamika, mpaka macho yetu yakalingana. Nikamwambia hilo ni lori, limebeba kokoto, linaenda zake. Nikalipigia kelele mgongoni, kelele ya mzee mwendawazimu. Halikusimama.

"Anko, hata mimi najua," akasema kupitia vidole.

Lakini alingoja lipotee kabisa, mpaka vumbi likae, ndipo akatoa mkono akamalizia lile neno.